Makufuli Mawili

Stoo ya kanisa letu ilikuwa na mlango mmoja na makufuli mawili. Tuliposhindwa kupatana juu ya kuomba, wenzetu wakitaka kila mtu apaze sauti na sisi tukitaka utulivu, tuligawana Jumapili: wao asubuhi, sisi mchana. Vyombo vya meza ya Bwana havikugawanyika. Basi mwanangu, fundi seremala, akatengeneza mlango wa mbao ngumu kwa niaba yetu, na fundi chuma wa upande wao akauvika bati na kuuchomea ukingo chini, hata sisimizi asipate pa kupita. Kila upande ukaweka kufuli lake, ufunguo mmoja tu, ili asije mtu akasingiziwa.

Kila Jumamosi wanawake wawili, mmoja wa kila upande, walifungua pamoja na kuosha vikombe. Kwetu nilikuwa mimi. Kwao alikuwa mkwe wangu, mama mzazi wa mke wa mwanangu. Fundi chuma ni kaka yake. Wajukuu wetu ni wale wale, lakini mle ndani tulikuwa tukipeana mgongo, tukiongea na sabuni.

Siku hiyo tuliurudisha mlango, tukaacha makufuli yakining'inia nje, funguo zikiwa mifukoni mwetu, tukaenda kwenye sinki nyuma ya kabati. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa ikinguruma. Haya mengine tuliambiwa baadaye: mwanangu alipita, akaona kufuli letu li wazi, akadhani nimelisahau, akalibana. Kisha akapita fundi chuma. Kuona wenzake wamefunga lao na lake limeachwa wazi, akasonya, akalibana naye.

Nilipotaka kutoka kuanika vitambaa, mlango ulikataa.

"Mkwe, umefunga mlango?"

"Niufunge na nini? Na mikono yote ina povu!"

Tukasukuma kwa mabega. Tukapiga kelele, mashine ikazimeza. Juu kulikuwa na kidirisha cha kupitisha hewa chenye wavu mzito. Kidole hakipiti, sembuse ufunguo. Joto likaanza kutukalia kifuani. Tulijengewa vizuri.

Mkwe akageuza ndoo, akakaa. Kisha akasogea, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Kaa, mkwe. Goti lako hilo."

Sikujua kama alishawahi kuliona goti langu. Nikakaa. Hapo ndipo niliposikia kifua chake kikipiga filimbi.

"Dawa yako ya pumu iko wapi?"

"Mkobani."

"Mkoba uko wapi?"

Akanionyesha mlango kwa kidevu. Ulikuwa nje, kwenye benchi.

Nililoweka kanga yangu kwenye sinki, nikampangusa shingo. Nikampepea kwa sinia. Midomo yake ilianza kupoteza rangi, na kuta zile nilizozizoea miaka na miaka nikaona kama zinasogea.

Ghafla umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Nikapiga kelele hadi mwanangu akasikia kutoka karakana yake ng'ambo ya uwanja, akaja mbio, na fundi chuma nyuma yake.

"Mama! Umeingiaje humo?"

"Kwa mlango, mwanangu. Ulidhani nimepita ukutani? Tufungue, mama mkwe wako hana pumzi, na dawa iko mkobani hapo benchini!"

"Funguo?"

"Tunazo sisi!"

Nikawasikia wakihema. Kisha mwanangu akasema, "Mjomba, lete mashine yako ya kukatia."

"Umeme uko wapi? Nina msumeno wa mkono. Haya, tunaanza na kufuli lipi?"

"Lako."

"Langu! Ili kesho mseme sisi ndio tuliovunja? Anza na lenu."

"Mjomba, yote mawili si yatakatwa?"

"Basi lenu likitangulia unapungukiwa nini?"

Nilipiga mlango kwa kiganja. Walikuwa wakibishana hivyo hivyo kanisani, wakipeana zamu ya kuwa na haki. Mkwe akanivuta mkono.

"Niombee," akasema. Neno lilitoka vipande. "Kwa sauti. Nisikie."

Mimi mbele za watu huomba kwa midomo tu. Hata chakula nakibariki kimoyomoyo. Nikafungua kinywa, sauti ikatoka kama ya kuku aliyekabwa. "Bwana, mkwe wangu hana pumzi. Mpe ya kwangu." Likaja ombi jingine, kwa sauti kubwa zaidi, na jingine. Nikajikuta nalia kwa nguvu, "Bwana, tufungulie! Tufungulie!" Naye, ambaye akiomba hata sokoni wanamsikia, alikuwa amefumba macho, midomo ikitikisika bila neno.

Nje ubishi ukakatika.

"Huyo ni mama?" mwanangu akauliza.

Fundi chuma akasogea mlangoni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kama mama yako ndiye anayepiga kelele, basi dada yangu amenyamaza. Shika hilo kufuli lisicheze."

"Lipi?"

"Lolote!"

Msumeno ukaanza kukwaruza. Mmoja alipochoka, mwenzake aliupokea. Kufuli moja likaanguka, kisha la pili. Mwanangu akaingia na mkoba, akapiga magoti, akamwekea mama mkwe wake dawa mdomoni. Fundi chuma alibaki mlangoni akifuta jasho, akiutazama ule ukingo alioutengeneza kwa mikono yake.

Usiku ule stoo ililala wazi. Jumapili, upande wa asubuhi wakaja alfajiri kulinda vyombo visichukuliwe na wenzao. Upande wa mchana nao wakaja alfajiri, kwa sababu ile ile. Mchungaji, aliyezoea kuhubiri mara mbili, akakuta benchi zimejaa watu wakitazamana kwa aibu. Akasema basi leo atahubiri mara moja tu, apumzishe koo.

Wengine wakapaza sauti, wengine wakanyamaza, na kuna waliokasirika mpaka mwisho. Mkwe akashika upande mmoja wa sinia ya vikombe, mimi upande mwingine. Bado alikuwa akihema kidogo.

"Tuanze na kina nani?" akaninong'oneza.

"Na aliye karibu," nikasema, tukaenda pole pole, kwa ajili ya kifua chake na goti langu.