Ile Kura Moja ya Democrat

Kituo chetu cha kura, huku mashambani Kansas, kilikuwa na wapiga kura arobaini na mmoja. Kwa miaka ishirini na minne matokeo ya kiti cha bunge la jimbo yalisomwa kwa sauti, yaleyale: Republican arobaini, Democrat mmoja.

"Orville huyo!" alidakia Dwayne, msoma kura, na watu wakaangua kicheko. Orville, mkulima jirani yetu, hakukana wala hakukubali.

Kwetu jirani akiugua, tunamvunia ngano. Orville alipovunjika nyonga, hakwenda mtu.

"Akavuniwe na chama chake!" alisema Dwayne.

Mvua ya mawe ikailaza ngano yake yote. Mimi nilikuwa na mashine mbili za kuvunia. Zilikaa bandani.

Machi tukamzika. Novemba nikaingia kupiga kura, na kwa mara ya kwanza nikawapa Republican.

"Republican arobaini, Democrat hakuna!" akasoma Dwayne. "Si niliwaambia? Alikuwa yeye!"

Wakacheka. Na mimi, mwenye ile kura moja miaka yote, mwoga nisiye na haya, nikacheka nao.