Vigingi vya Nyuma ya Kanisa

Debe la nne lilikuwa zito kuliko matatu ya kwanza, au labda shingo ndiyo iliyokuwa imechoka. Amoding alikuja kutoka kisimani kwa hatua fupi fupi, maji yakimdondokea begani na kuingia mgongoni. Mapipa ya kuloweshea matofali yalikuwa upande wa barabara, na njia ya mkato ilipita mbele ya kanisa. Yeye alizunguka nyuma.

"Huyu msichana anapenda kutembea," alisema Wilkister, mpishi wa misheni, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. "Ama kuna kitu huko nyuma? Oriokot si yuko huko?"

"Hapana, mama."

"Hapana nini? Mimi nimeuliza tu. Fundi ni mtu mzuri. Meno tu ndiyo imeisha."

Amoding alicheka kidogo, akashusha macho, akaendelea kutembea. Wiki tatu sasa Wilkister alikuwa akimtania hivyo, naye hakumkatalia kwa nguvu. Ilikuwa afadhali wamfikirie Oriokot.

Nyuma ya kanisa, fundi huyo alikuwa amepigilia vigingi na kuzungusha kamba ya katani kuonyesha ukuta mpya utapita wapi. Kanisa lilikuwa la zamani, la matofali mekundu, lilijengwa wakati reli ya Malaba bado ni mpya. Sasa kila Jumapili nusu ya watu walikaa nje kwenye nyasi, na mvua ikija walikimbilia darasani wakakosa komunyo. Kwa hiyo halmashauri ya parokia iliamua ukuta wa altare ubomolewe, kanisa lirefushwe nyuma kwa futi arobaini, na bati zote zibadilishwe. Ua wa michongoma uliokuwa mpaka wa kiwanja cha kanisa ulikatwa ili kamba ipite.

Nje ya ua ule, kwenye mteremko, ndiko walikozikwa watoto waliokufa bila ubatizo. Hakukuwa na misalaba. Palikuwa na majani ya kawaida, na mbuzi walifungwa pale. Mtoto wa Amoding alikuwa na jiwe moja, kubwa kama mkate.

Alizaliwa miaka miwili iliyopita, akaishi siku mbili. Baba yake alikuwa taniboi wa lori la mizigo aliyevuka mpaka akaenda zake, na mzee wa Amoding, baba yake mzazi, alisema mtoto asiye na baba hawezi kulazwa katika shamba lake, atawaletea wengine mkosi. Siku hizo mbili katekista alikuwa Angurai akifundisha. Amoding aliacha shule darasa la sita, lakini katekisimu aliijua. Alijua kwamba mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kummwagia maji na kutamka maneno, hata mama. Maji yalikuwepo, kwenye kikombe cha bati kando ya kitanda. Shangazi zake walikuwa wamekaa chumbani wakimtazama. Aliona haya kutamka maneno ya padri mbele yao. Akangoja watoke. Hawakutoka mpaka mtoto akakata roho.

Wiki tatu zilizopita, wakati Oriokot anafunga kamba, alikuwa amesimama karibu kabisa na lile jiwe akamwambia, "Dada, unaona hapa? Hapa ni altare. Padri atasimama hapa hapa, na sakramenti itakaa hapa."

Yeye alikuwa amelishika debe kwa mikono miwili ili lisianguke. Mtoto wake angelala ndani ya kanisa. Tangu siku hiyo aliteka madebe kumi mahali pa sita, na hakuna aliyemwagiza.

Asubuhi hii Padri alikuwa amekwenda Kisumu kumwomba askofu bati. Lakini bwana afya wa kaunsili alikuja kwa pikipiki saa nne kukagua plani ya ujenzi, kama alivyoandika, na Mzee Protus, mwenyekiti wa halmashauri, akamketisha kwenye baraza la nyumba ya Padri. Protus alikuwa karani wa forodha pale mpakani mpaka alipostaafu. Alivaa koti hata kukiwa na jua, na kalamu tatu zilikaa mfukoni mwa koti. Paulinus, katekista, alikuwa upande wa pili, na madaftari ya parokia yamepangwa mbele yake. Oriokot alikaa ngazini kwa sababu ya tope la miguu.

Amoding alileta chai. Sukari ilikuwa adimu mwezi ule, Wilkister alitia vijiko vitatu kwa birika zima.

"Hii chai imesikia tu habari ya sukari," bwana afya alisema.

"Tusamehe, boss," Protus alijibu. "Sukari inavuka mpaka kwenda ng'ambo usiku, inatuacha hapa na majani."

"Na simiti?"

"Simiti! Moshi wa kiwanda cha Tororo tunauona tukisimama hapa, lakini wao wenyewe hawana. Ya kwetu imepanda mara mbili tangu mafuta yapande. Leo mfuko mmoja, kesho unaambiwa bei ya jana imekufa."

Bwana afya alikunjua plani juu ya meza na kuweka kikombe pembeni ili isijikunje. Aliisoma kwa muda mrefu, akipuliza chai.

"Choo iko wapi?"

Protus aliinamia plani.

"Choo tuko nayo," Protus alisema. "Ile ya walimu."

"Ile ina mashimo mawili. Nyinyi mnataka kanisa la watu mia sita. Mia sita, mzee, na misa ni masaa mawili. Mimi siwezi kupiga muhuri hapa bila choo. Mashimo manane, kina futi kumi na tano, mbali na kisima. Na upande wa chini, si juu."

"Upande wa chini ni pale nyuma," Oriokot alisema kutoka ngazini. "Ndiyo kamba iko."

"Basi ondoeni kamba."

Amoding alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakuna aliyemwambia aende.

Oriokot alikuna kichwa. "Kusema kweli, ile mteremko ilikuwa inanisumbua. Msingi ya pale itakula mifuko mia zaidi. Tukirefusha kwa mbele, upande wa barabara, ni tambarare. Tutavunja mlango badala ya altare."

"Mifuko mia!" Protus alitoa kalamu. "Na hukusema?"

"Mliniambia nyuma, mimi nikafunga nyuma."

"Sasa nakwambia mbele. Altare ibaki mahali pake, huko nyuma tuchimbe choo. Bwana afya, ukipata hivyo utapiga muhuri?"

"Leo leo. Nimekuja nao mfukoni."

Wote wanne wakacheka, kwa ile raha ya watu ambao kazi ngumu imewaondokea. Protus alichora msalaba wa kufuta juu ya plani kwa wino mwekundu, kisha mbele akachora sanduku, na nyuma sanduku dogo lenye mistari minane.

"Pale kuna watu," Amoding alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo mno, akafikiri hawakusikia. Lakini Protus aligeuka.

"Unasema nini, msichana?"

Birika lilikuwa linamchoma mkono. Alilihamishia mkono wa kushoto. "Pale nyuma. Wamezikwa watu."

"Watu gani? Makaburi yako kule kwa misalaba." Protus alimgeukia katekista. "Paulinus, angalia kitabu. Nyuma ya kanisa kuna kaburi?"

Paulinus ndiye aliyemchimbia mtoto yule. Alichimba mwenyewe, kwa jembe la shule, akiwa na viatu vya misa, na alipomaliza alimtafutia Amoding jiwe. Sasa alifungua kitabu cha maziko na kupitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba kweli alikuwa anatafuta. Amoding alikitazama kile kidole. Alifikiri kitasimama.

"Kitabu hakionyeshi," Paulinus alisema.

"Umesikia? Hakionyeshi."

"Katekista," Amoding alisema.

"Wale... wale hawaandikwi, mzee," Paulinus alisema bila kuinua uso. "Ni wale wa bila ubatizo. Si maziko ya kanisa. Kwa sheria hatuwezi kusema ni makaburi."

"Basi yamekwisha," Protus alisema. "Si makaburi."

Bwana afya alikuwa ameshatoa muhuri. Aliupumulia mara mbili ili wino ulainike, akaugonga juu ya plani. "Makaburi ningekataa," alisema. "Iko sheria yake. Ongeza chai kidogo, dada, kama ipo."

Akaongeza. Hakumwaga hata tone, na jambo hilo lilimuudhi kuliko mengine yote.

Saa saba Oriokot alikuwa nyuma ya kanisa akivuta vigingi. Alikuwa anavizungusha kwanza kama mtu anayeng'oa jino, kisha anavitupa kwenye karai. Amoding alimwendea, akasimama kando ya jiwe.

"Wa kwako ndiye huyo?" fundi aliuliza.

Alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi sikujua, dada. Kwa kweli. Ningejua ningenyamaza na hiyo maneno ya mteremko." Alichuchumaa kando ya karai. "Sikiza. Kesho saa moja jumuiya ya wanawake wanaleta majembe. Wakianza hawawezi kuchagua. Ukitaka kumtoa, mtoe leo."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwa mzee wako?"

"Alikataa."

"Kule kwa misalaba?"

"Paulinus anasema mpaka Padri aandikie askofu."

Oriokot alifikiri, akisugua kigingi kwa kidole gumba. "Basi mtoe kwanza," alisema. "Mahali utafikiria ukiwa naye mkononi." Akamwachia jembe lake, akaenda zake mbele kupima upande wa barabara.

Alianza saa kumi, baada ya kuosha vyombo. Alilisogeza jiwe kwanza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na baridi, na wadudu weupe walijikunja. Alilima kwa ncha ya jembe, polepole, halafu akaliweka chini akatumia mikono. Alikumbuka kwamba Paulinus hakuenda chini sana, labda futi mbili. Alikumbuka shuka, nusu ya shuka la kijani ambalo mama yake alilichana, na pindo lake lilikuwa na ua jekundu.

Kilichokuja mkononi mwake hakikuwa kitambaa. Alifikiri ni kipande cha chungu, akakisugua udongo kwa kidole. Ulikuwa mfupa wa taya, mdogo, mwembamba. Ulikuwa na meno manne mbele, yamepangana vizuri, meupe.

Alikaa chini.

Mtoto wa siku mbili hana meno. Amoding alihesabu tena, kana kwamba hesabu ingeweza kubadilika. Huyu aliishi mwaka, au zaidi. Huyu alikula uji. Alikuwa na mama yake, ambaye labda alikuwa Amukura au ng'ambo, au alikuwa anakuja hapa kila Jumapili na kukaa kwenye nyasi. Na jiwe? Mbuzi walikuwa wamelisukuma. Au watoto wa shule walilifanya goli. Miaka miwili alikuwa akizunguka na madebe kichwani ili kumwamkia mtoto wa mtu mwingine.

Alivua kitambaa cha kichwani, akaufunga ule mfupa ndani yake, akauweka juu ya majani mahali pakavu. Kisha akachukua jembe tena. Alichimba kuelekea kushoto. Alipokosa, alichimba kuelekea ulikokuwa ua wa michongoma. Alipata kifungo cha shati. Alipata mbavu nyembamba kama njiti za fagio, na hakujua kama ni za mbuzi, akaziweka pamoja na ule mfupa. Shuka la kijani hakuliona.

"Wewe!"

Mzee Protus alikuwa amesimama juu ya mteremko, koti mkononi. Alikuwa akirudi nyumbani. Alilitazama shimo, akamtazama Amoding, matope mpaka mabegani, nywele wazi. Amoding alifungua mdomo. Safari hii angesema. Angesema lolote, hata kwa kelele, hata kama Wilkister angesikia kutoka jikoni.

"Umeanza leo?" Protus alisema. Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. "Bila kuambiwa? Na mimi nilifikiri ulinuna pale asubuhi! Wangekuwa watano kama wewe, hii parokia ingekuwa imekwisha kujengwa." Alishuka hatua mbili, akapima kwa macho. "Lakini umeenda upande sana. Nenda chini. Futi kumi na tano, ulisikia? Na kona uiweke sawa, Oriokot asije akakusumbua kesho."

"Mzee," Amoding alisema.

"Nitakutaja Jumapili, wakati wa matangazo. Uko jumuiya gani?"

Amoding aliinamia shimo. Protus alidhani ni haya, akacheka kwa upole, akavaa koti. Alipanda mteremko akijisemea jambo kuhusu vijana wa siku hizi. Akafuata barabara ya Amagoro mpaka michongoma ya barabarani ikamficha.

Shimo lilikuwa limefika mapajani. Pembe moja ilikuwa imekaa sawa, bila yeye kukusudia, kama ya fundi. Amoding aliinama kwenye pembe iliyobaki, ile ambayo bado ilikuwa na majani juu yake, akaweka magoti chini, akaingiza mikono.