Harufu Ndani ya Gari la Mustafa

"Hivi, Mama Mustafa, ukishaosha maiti, ile harufu unaitoaje mwilini?"

Tekla, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo zamani, bila ubaya, huku akichambua mchicha kibarazani. Asmahani alicheka mpaka akashika mbavu. "Harufu gani, jirani? Maiti aliyepakwa karafuu maiti ananukia kumshinda bwana harusi!" Wakacheka wote wawili. Lakini nyuma ya dirisha alikuwepo Najiat, mke wa mwanawe, na Najiat ni mtu wa kuweka neno kama wengine wanavyoweka kisu chini ya mto.

Kisu kilitoka mwezi wa tisa mwaka huu, jua la Tabora lilipoanza kuchoma hata mbwa wakahamia mitaroni. Mustafa, mwanawe wa pekee, ni mnunuzi wa tumbaku ya Ipole, na majani ya mfano huyabeba katika gari hilo hilo la kutembelea. Siku hiyo alikuwa akiwapeleka mkewe na mama yake harusini Isevya. Wakafunga vioo, akawasha kiyoyozi. Hewa ilikuja baridi, ila na uvundo wa nguo mbichi iliyosahauliwa ndani ya ndoo, na chini ya uvundo huo kitu kibaya zaidi.

Najiat akaziba pua kwa ncha ya mtandio. "Mama, leo umetoka kumwosha nani?"

"Wiki hii sijaosha mtu, mwanangu."

"Basi wa wiki iliyopita hajakutoka bado."

Mustafa aliangalia barabara. Mtoto aliyemzaa aliangalia barabara, basi.

Tangu hapo Asmahani akawa anaoga kwa maji ya mwarobaini, anajifukiza udi mpaka macho yanamtoka machozi. Akipanda gari, harufu ipo. Akishuka, Najiat anafungua milango yote na kupunga khanga, majirani wakiona. "Hata usipokuwemo, mama, imeganda kwenye viti!"

Mtu akiambiwa neno kila siku, huanza kulisadiki. Bibi wa watu akaanza kujinusa viganja. Msikitini akaona haya kusimama bega kwa bega na wenzake, akawa anajibana nyuma karibu na viatu. Wanawake walipomwita kwenye msiba, akasingizia mgongo. Kazi aliyoifanya tangu ujana wake kwa ajili ya Mungu, kazi ambayo wengi huikimbia, akaiacha. Mkoba wake wa pamba na karafuu maiti akautundika nyuma ya mlango.

Ndipo zikaja habari alfajiri kutoka Ziba. Tatu amefariki.

Tatu alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Siku walipomwosha mama yao waliahidiana juu ya mwili ule: atakayebaki atamwosha mwenzake, asimguse mgeni. Asmahani akautungua mkoba, akasimama kando ya gari.

"Mpaka Ziba?" Najiat alimwambia mumewe. "Na joto hili, vioo vimefungwa? Nitatapika njiani, Mustafa."

Mustafa akapiga tairi teke, kama mtu anayepima upepo. "Mama, panda basi. Sisi tutatangulia, tutawaambia wakusubiri."

Naye akakubali. Hilo ndilo linalouma mpaka leo: alikubali, kwa kuwa alidhani ni haki yao.

Basi liliharibika kabla ya Nzega. Alipofika Ziba, wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo mikononi. Minza, binti wa marehemu, akamwangukia kifuani. "Mama mkubwa, tungekusubiri! Da Najiat katuambia siku hizi umeacha kuosha, tusichelewe bure."

Matanga yakaisha, wakarudi Tabora, na kiyoyozi kikagoma kabisa. Akaitwa Uwesu, fundi wa viyoyozi vya magari, mtu ambaye mdomo wake hauna kitasa. Mustafa alikaa kibarazani na kahawa yake. Asmahani alikuwa mkekani, ametoka kujibu simu ya wanawake wa msikiti: kuna bibi amefariki Isevya, anaombwa aje. Alisema tena mgongo.

"Astaghafirullah!" Uwesu alikuwa amelala chali chini ya dashibodi. "Njooni muone makaburi!"

Akatoa kichujio cha hewa. Kilikuwa cheusi, vumbi la tumbaku limeganda juu yake kama ukoko wa ugali. Nyuma yake akatoa kiota cha panya, na wenyewe wamo, mama na wanawe, wameoza hadi kukauka. Kisha akachokoa kwa waya kibomba cha kutolea maji, maji meusi yakamwagika mchangani. Harufu ikajaa uani. Asmahani aliitambua.

"Bosi, si nilikwambia?" fundi aliendelea, kwa raha zake. "Tangu kipupwe, nilipokuja kujaza gesi. Nikasema harufu imeshaanza, tubadilishe kichujio, tuzibue kibomba, joto likija mtakimbiana humu. Bibi, unajua mwanao alinijibuje? 'Acha kwanza, Uwesu. Inanipunguzia abiria.' Nilicheka mimi!"

Alicheka tena, peke yake.

"Ulijua," Asmahani alisema.

"Mama, yale yalikuwa maneno ya utani na fundi tu."

"Tatu alikuwa akinisubiri mimi."

"Lakini si ameoshwa? Aliyeoshwa ameoshwa, mama. Mungu ameshapokea."

Najiat akatoka jikoni, akawatazama wale panya, akaziba pua kama desturi yake. "Kumbe! Haya, yamekwisha, tushukuru." Kisha akamgeukia mkwewe, akitabasamu. "Ila na wewe, mama. Mtu mzima hujui harufu ya mwili wako mwenyewe?"

Asmahani akanyanyuka mkekani. Akaingia ndani, akatoka amevaa baibui, mkoba wa pamba na karafuu maiti kwapani. Uwesu alikuwa amekwishawasha gari ajaribu kazi yake. Milango wazi, hewa inatoka baridi, safi, haina chochote.

"Panda basi, mama," Mustafa akasema, amesimama. "Unakwenda wapi? Nikupeleke."

Baridi ile ilimpiga miguuni alipopita kando ya mlango. Akafungua geti, akatoka juani kwa miguu, kuelekea Isevya.