Diski Mbili Chini ya Paa Moja

Mtaani walimwita Kopi, maana hata risiti ya mkate aliitunza mara mbili. Programu aliyoiandika, ya kuhifadhi nakala za mafaili mbali na nyumbani, ilikuwa huria: yeyote aichukue bure. Na watu walichukua kweli, kama bomba limepasuka. Kila alipoomba mchango wa kulipia angalau umeme, walimtumia vikatuni vya makofi. Dada yake aliwahi kumuuliza kama makofi hayo huchemshwa moja kwa moja au hulowekwa kwanza.

Seva za kukodi hakuziweza, kwa hiyo seva yake ya mbali ilikuwa kabati la nguo la dada, ng'ambo ya mji. Humo ilikaa diski moja. Ya pili ilikaa mezani kwake. Zote zilibeba kitu kisichokuwepo kwingine popote: sauti ya marehemu mama yao, akipiga soga jikoni. Kila mwezi dada alileta yake, akaondoka na ile ya mezani, yenye nakala mpya. Sharti aliliandika Kopi mwenyewe kwenye maelekezo ya programu: diski mbili zisilale chini ya paa moja.

Jumapili moja dada alileta diski yake, akamkuta Kopi kakodolea macho kompyuta. Kampuni moja kubwa, inayotumia programu yake bila kutoa hata senti, ilikuwa inafoka kuwa kuna hitilafu na irekebishwe leo leo.

"Nipe yangu niende," dada alisema.

"Haijamaliza kunakili. Ziache zote, dada, kesho nakuletea mwenyewe."

Asubuhi Kopi alitoka kununua mkate. Huku nyuma, duka la magodoro lililo chini ya chumba chake likashika moto. Aliporudi, hata ngazi za kupandia kwake hazikuwepo.

Jioni, wamekaa kwa dada, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Kopi. Ni ile kampuni: hitilafu imekwisha, wanashukuru sana. Wakaambatanisha makofi. Programu yenyewe ilikuwa salama salimini, imejaa kwenye mashine za watu wasiomjua.

Dada, ambaye hajawahi kupitwa na utani, safari hii aliyaacha makofi yapite. Alifungua kabati, akapapasa katikati ya mashuka pale ilipokuwa inakaa diski, akafunga.

"Mama alikuwa anakuitaje vile, ukichelewa kuja kula?"

Kopi akajaribu. Dada akatikisa kichwa. Mama alikuwa anavuta mwishoni. Akajaribu yeye. Ikatoka sauti ya dada tu.

Wakarudia, huyu hivi, yule vile, mpaka hata ile sauti ya mama waliyokuwa wakiikumbuka asubuhi ikawapotea.