Bibi Mmoja Mara Saba

Umewahi kubonyeza simu ikakununia, usijue kama imekusikia au imekudharau?

Basi tableti ya mapokezi pale zahanati ilikuwa na tabia hiyo. Fundi wa kike aliyeitengenezea programu alikuwa siku ya tatu kwenye benchi la wagonjwa, kompyuta mapajani, macho mekundu, chai yake imeshaota utando. Mganga mkuu alishasema: ikifika saa kumi jioni bado inaganda, madaftari yanarudi. Kazi ya miezi minane iingie kabatini.

"Njoo umwone bibi huyu," nesi wa mapokezi akamwita. "Nimemwandika mara moja, ametokea mara saba. Labda anazaana humo ndani."

"Umebonyeza mara ngapi, dada?"

"Nilibonyeza, ikanyamaza. Wewe ukimwita mtu akanyamaza, humwiti tena?"

Fundi alitaka kujibu, simu yake ikalia. Zahanati nyingine ililalamika. Alipomaliza, ikalia tena: bosi, anauliza wamefika wapi. Alipoirudia kompyuta, hakukumbuka alikuwa mstari gani.

Akabaki anamtazama nesi tu, kwa kuchoka. Mgonjwa alikuja bila kadi. Nesi aliandika jina kwenye kikaratasi, akakisukuma dirishani kwa mtunza mafaili aliyekuwa chumba cha nyuma, akasema, "Kaa hapo mama, faili lako linatafutwa," kisha akaita anayefuata.

"Mbona huendi kulitafuta mwenyewe?" fundi akauliza.

"Nikienda, hawa nani atawapokea?"

Fundi akajishika paji la uso. Ndani ya programu yake kulikuwa na uzi mmoja tu wa kazi, kama mfanyakazi mmoja asiyeweza kufanya mawili kwa pamoja. Uzi uleule uliosikiliza kidole cha nesi ndio uliobeba picha za kadi za wagonjwa, mbele na nyuma, kuzipeleka kwenye mtandao unaojikokota. Ukiwa njiani, kioo hakina mwenyewe; kila mbonyezo wa ziada ulisubiri zamu, kisha ukamwandika bibi upya. Ofisini alijaribu kwa kapicha kamoja na mtandao wa kasi, angejuaje?

Akafungua uzi wa pili, wa nyuma, akaukabidhi picha zote. Wa mbele akauachia kazi ya kusikiliza na kujibu: imepokelewa, inatumwa. Na kitufe kikishabonyezwa, kizimike mpaka majibu yarudi. Kazi ya saa moja ilimla saa nne, maana simu ililia mara kumi na moja. Nesi ndiye aliyehesabu.

"Mdogo wangu," akamwambia, "programu umeitengeneza kama ulivyo wewe. Mapokezi wewe, mafaili wewe."

Saa tisa na nusu nesi alibonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka pembeni, maandishi yakatokea, kioo kikabaki hai. Kidole kikainuka kubonyeza tena, kwa mazoea, kikasita hewani, kikashuka taratibu. "Anayefuata," akasema. Mbele ya mgonjwa wa tatu, alama ya kijani ikawaka kwenye jina la wa kwanza. Mara moja tu.

Mganga mkuu alichungulia, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Simu ikalia. Bosi.

"Vipi, imepona?"

"Imepona."

"Safi sana. Sasa kuna wateja wawili wanakutafuta, wapigie."

Fundi aliegemea ukuta, akafumba macho. Nesi alikuwa ameacha kuandika, anamtazama.

"Bosi," fundi akasema polepole, "nataka mtu wa kupokea simu. Mimi nikae nyuma, nifanye kazi."