Swali la Saba

Kwi, kwi, kwi. Kanyagio la cherehani lililia kabla hakujapambazuka, na Bibi Fundi akaondoa mguu haraka asije akawaamsha wajukuu waliolala nyuma ya pazia. Hakuwa anashona. Alikuwa ametandaza fomu juu ya meza ya cherehani, kalamu mkononi, na mguu ulijikanyagia wenyewe kwa mazoea, kama mama anayeendelea kumbembeleza mtoto aliyekwisha lala.

Fomu ilikuwa ya Kiwembe. Serikali ilitoa fedha za kuwatafutia walezi vijana walio hatarini, watu wazima wenye ufundi na subira, na Bibi Fundi akapewa binti huyo wa miaka kumi na sita. Jina hilo alipachikwa kwa sababu ya ulimi wake, na kwa sababu ya kile alichokutwa nacho mfukoni. Mchana alijifunza kushona kwa Bibi, jioni alirudi kulala bwenini, kitanda kikilipiwa na mpango huohuo. Kila mwisho wa mwezi Bibi alijaza fomu yenye maswali tisa. La saba liliuliza: Je, kijana bado yuko hatarini? Kwa miezi minane Bibi alikuwa ameweka alama kwenye Ndiyo bila kuwaza sana.

Jana yake Kiwembe alizikuta nakala za fomu hizo kwenye droo ya vifungo.

"Kumbe kila mwezi ni Ndiyo?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyouliza, mwanangu."

"Nimeacha kuvuta. Nimeacha kupigana. Zipu natia, kola nakata. Lakini hapa mimi ni yuleyule wa siku ya kwanza." Alizipanga karatasi vizuri, akazirudisha. "Sawa tu. Nilidhani wewe unaniona."

Maneno hayo yalimnyima Bibi usingizi. Maana alimwona. Macho ya Bibi yalikuwa hayawezi tena kutunga uzi, na binti huyo, bila kuombwa na bila kusema neno, kila jioni kabla ya kuondoka alitunga sindano kumi na kuzichomeka kwa mstari kwenye kitambaa, zimngoje Bibi asubuhi. Mtoto wa namna hiyo anaandikiwaje Ndiyo? Bibi akaweka alama kwenye Hapana, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: NI BINTI MZURI, APONGEZWE.

Wiki mbili baadaye waliitwa ofisini. Afisa wa vijana, kijana mpole mwenye tai, alimkabidhi Kiwembe hati ya kuhitimu mbele ya watu, wakapiga makofi, wakapiga picha. Kiwembe alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Watu walipotawanyika, afisa akasema, "Sasa kitanda utakiacha Ijumaa. Kuna mwenzako anakisubiri."

"Aende wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwa familia. Faili linasema ana mjomba."

"Huyo mjomba ndiye aliyemchoma na pasi."

"Hilo lilikuwa wakati yuko hatarini, bibi yangu."

"Basi nipe fomu niirekebishe."

Afisa alimvutia Bibi kiti, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe, akampa maji. Kisha akamweleza taratibu kwamba fomu imeshapelekwa juu, na fedha zile ni za walio hatarini tu. Akimlipia asiye hatarini, kazi hana. "Labda litokee tukio jipya," alisema kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa. "Wizi, uharibifu, kitu chenye namba ya polisi. Hapo namrudisha kwenye orodha."

Nyumbani, mke wa mwanawe alisikiliza habari yote akiwa anakunja nguo. "Mama, tuko sita chumba kimoja," alisema. "Huyo wa saba nitamtundika msumarini?" Hakusema kwa ubaya. Nafasi kweli haikuwepo.

Jumatatu Kiwembe alikuja kwa Bibi akitokea kwa mjomba, akiwa na mdomo uliovimba na jicho moja halifunguki. Alikaa mahali pake, akachukua uzi, akashindwa kutunga. Bibi alimwekea kitambaa cha maji baridi usoni, na kwa kuwa hakuzoea kumficha mtu jambo, akamwambia yote aliyosema afisa, pamoja na hilo la tukio jipya.

"Basi andika nimekuibia," Kiwembe alisema.

"Hujaniibia."

"Andika tu, Bibi. Unapungukiwa nini?"

"Siwezi kukuandika mwizi. Tangu nizaliwe sijaandika uongo."

Kiwembe alimtazama kwa lile jicho moja. "Uliandika Hapana."

Akainuka. Ukutani zilining'inia sare ishirini za shule, zimepigwa pasi, za kuchukuliwa Jumatano. Akatwaa mkasi mkubwa, akashusha ya kwanza, akaikata katikati kuanzia kola hadi pindo. Aliikata kama alivyofundishwa, mkono wa kushoto ukikishika kitambaa kisiteleze. Bibi alisema "acha" mara moja tu, na hata mwenyewe hakuisikia sauti yake. Ilipofika ya ishirini, Kiwembe aliweka mkasi mezani, mpini ukimwelekea Bibi.

"Sasa andika. Si uongo tena."

Wakaenda kituoni pamoja, Kiwembe akibeba furushi la vipande. Njiani alimshika Bibi mkono kwenye mtaro, kama siku zote.

Askari aliyeandika maelezo alikuwa mama wa makamo. Aliuliza ilikuwaje, nani, saa ngapi. Kisha akauliza, "Na wewe alikutishia na huo mkasi?"

Bibi alifikiri. Aliwaza kitanda, na mlango wa bweni unaofungwa kwa ndani. Aliwaza kwamba tukio likiwa dogo watalipuuza, na yule afisa atasema halitoshi. Kiwembe alikuwa ameshapelekwa chumba cha pili.

"Alinitishia," Bibi alisema. Akatia sahihi.

Kesho yake aliipeleka namba ya polisi ofisini, ameifunga kwenye pindo la kanga. Afisa alisoma maelezo yote mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Uharibifu ningeuchukua, bibi yangu. Lakini hapa kuna kutishia kwa silaha. Wa silaha mpango hauwapokei. Hao wanapelekwa mahakamani."

"Nilisema mimi tu. Haikuwa."

"Umetia sahihi."

Hakimu alimpa Kiwembe miaka miwili katika kituo cha vijana wahalifu.

Jumapili ya kwanza ya wageni, Bibi alifika mapema. Mlinzi alimuuliza yeye ni nani wa binti huyo, akajibu, "Bibi yake." Mlinzi akaangalia daftari, akamwangalia yeye. "Si wewe uliyetishiwa?" Hata hivyo akamfungulia, akamwekea benchi kivulini.

Kiwembe aliletwa upande wa pili wa wavu. Walikuwa wamemnyoa.

"Nilikutishia lini, Bibi?"

"Nilitaka tukio litoshe, mwanangu."

"Hakimu aliposoma nilidhani amekosea faili." Alicheka kidogo puani. "Miezi minane kunisema vizuri ulishindwa, mara moja tu ukanisema vibaya, ukaweza kweli."

Bibi alianza kulia.

"Usilie. Wanaolia wanatolewa." Kiwembe alitazama nyuma, kwa wenzake waliopanga foleni, kisha akasogeza uso karibu na wavu. "Hapa asiyetembelewa anajulikana. Blanketi lake linachukuliwa, zamu za choo zote zake. Njoo Jumapili ijayo."

"Nitakuja."

"Sitakusemesha. Usiniulize kitu, nami sina cha kukuambia. Wewe njoo tu ukae hapo kwenye benchi, wakuone."