Sufuria Iliyoitwa Kayitesi

Waliokuwepo uani asubuhi hiyo, huko Kashuga: Koko Euphrasie, bibi aliyewasili kutoka Kibua; Michel, mwanawe; Nicole, mke wa Michel; jirani yao Mama Kayitesi; na Plamedi, mtoto wao wa miaka miwili, ambaye ndiye aliyeitiwa kikao.

Koko alikuja na neno moja. Ikiwa mjukuu wake hajui kutaja vitu, ataondoka naye leo, akamlee Kibua hadi ulimi ufunguke. Nicole alimpakata mwanawe, akamkumbatia kama mtu aliyeshikilia mali inayotaka kuporwa.

Koko alielekeza kidole kwenye sufuria. "Hii njo nini?"

"Kayitesi," mtoto akajibu bila kusita.

Mama Kayitesi alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe njo maana mugongo inaniunguza kila siku."

"Na hii?" Lilikuwa jembe.

"Mbonigaba."

"Michel, umeona? Mutoto anaita jembe jina ya muntu. Mufunge nguo zake."

Michel aliinamisha kichwa.

Hapo Mbonigaba mwenyewe, jirani yao mwingine, akatokea njiani, akielekea shambani. Kabla hajasalimu, Plamedi alichomoka mapajani mwa mama yake, akaliburura jembe kwa mpini na kulitua miguuni pa jirani huyo. "Mbonigaba," akasema, kama karani anayekabidhi mali.

Ndipo Nicole alipofumbuka macho. Tangu warudi kutoka ukimbizini mikono mitupu, walikuwa wakiishi kwa vyombo vya kuazima, naye kutwa kucha alimwonya mtoto: hii ya Mbonigaba, usiikanyage, hii ya Mama Kayitesi, itarudi jioni. Mtoto alikuwa amekisoma kila chombo kwa jina la mwenye nacho.

"Plamedi," akamwita, sauti imempanda, "leta sufuria."

Mtoto alikipita kinu, akakiruka kikapu alichokuja nacho Koko, akaileta sufuria.

"Leta kikapu."

Akakileta pia, lakini akakiweka mapajani mwa bibi yake. "Koko."

Euphrasie hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Aliivuta ile sufuria upande wake. "Hii iko yangu sasa."

Plamedi aliikamata kwa mikono miwili, akavuta, uso umemwiva, mpaka ikamtoka bibi. "Kayitesi," akasema, akampelekea mwenyewe. Kisha akaokota kijiko kidogo cha plastiki, kitu ambacho Michel alikuwa amemnunulia sokoni, akakiinua juu ya kichwa chake.

"Plamedi."

Mama Kayitesi akapiga vigelegele. Nicole alicheka huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Koko Euphrasie alisimama, akajifunga kitenge chake upya, akawatangazia wote:

"Mutoto anabaki kwa mama yake. Ulimi yake haina shida, ni nyumba njo inakosa vyombo. Kikapu yangu naiacha hapa. Plamedi, sikia vizuri: kuanzia leo hii iko Nicole."